Mnara wa Taa wa Roza

Harufu ya vitunguu saumu na nyanya ilikuwa inapanda ngazi kila Jumapili tukitoka kanisani, inapenya mbao za ile nyumba kuukuu ya mtaa wa West Side, Buffalo, Marekani, mpaka kwenye chumba chetu cha juu. Chini alikaa Bibi Roza, mjane wa Kiitaliano. Mdogo wangu naye aliitwa Roza, na hapo ndipo donda langu lilipoanzia. Mama alipolisikia jina la yule bibi alipiga kigelegele palepale mlangoni. Kwetu Kivu, mwenye jina lako ni wako: unamletea chakula, anakuvisha, mnahesabiana ndugu. Basi mama akapika sombe, majani ya muhogo, akampaka Roza mafuta mpaka akang'aa, akamteremsha chini kama anapeleka bibi harusi. Bibi Roza, ambaye wajukuu zake waliishi mbali, aliipokea desturi yetu kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo Jumapili zote zikawa za Roza.

Koti jipya alilopewa nililimeza. Keki nazo nilizimeza. Kilichonikaba kooni ni mnara. Bibi Roza alizaliwa ndani ya mnara wa taa, kwenye kisiwa kidogo cha Mediterania, baba yake akiwa mlinzi wa taa hiyo inayoongoza meli. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi, sikio mlangoni, namsikia akisimulia jinsi ndege wanaohama walivyovutwa na mwanga wakagonga vioo, na asubuhi mama yake akawaokota kwa ajili ya supu. Ningetoa chochote niulize swali moja tu. Roza akirudi nikimbana anieleze zaidi, ananijibu kwa Kiingereza kwamba hakumbuki, kisha analamba vidole. Nilitamani kumfinya. Siku moja nilimfuata mama jikoni nikamwambia nami nataka kwenda.

"Weye uko na homonyme yako, shangazi yako kule Uvira," mama alinijibu bila kugeuka. "Huyu ni wa Roza. Donc, ikaa kimya."

Shangazi yangu wa Uvira, mwenye jina langu, nilikuwa hata sura yake siijui. Nililia, na mama akanipa vyombo nioshe.

Bibi Roza alifariki sisi tukiwa wasichana wakubwa. Mwaka jana familia yake ilikwenda kisiwani kumwombea misa, wakamchukua Roza kutoka Columbus anakoishi sasa, kwa sababu ni mwenye jina lake. Alinipigia simu ya video, mimi yaya yake, yaani dada mkubwa, akiwa mnarani, anahema.

"Yaya, nimefika. Ni taa tu. Sasa niangalie nini?"

Nikamwambia atazame juu ya vioo, aone kulabu walizotundikia pazia mchana ili jua likipita kwenye kioo kinene cha taa lisiwashe moto. Zilikuwepo. Nikamwambia ashuke mpaka jiko la zamani, atafute dirisha ambalo Bibi alisema linatazama Afrika. Akalipata, akalifungua, na upepo ukaijaza simu yote. Roza akasimama pale kwa muda mrefu akitazama upande wa kwetu. Mimi nilikuwa Louisville, jikoni kwangu, nimeshavaa sare ya kazi ya ghala. Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kumuaga.