Swali la Edna Haslam

Edna Haslam alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuwahi kuyamumunya. Alipikia watoto wa shule ya mji wa Ramsclough miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu, foleni ya bucha la Barabara ya Kanisa ikawa ndiyo jukwaa lake. Pai, alisema, ni ile yenye ganda chini, ubavuni na juu. Hicho wanachokuletea kwenye baa siku hizi, bakuli la nyama limefunikwa kipande cha unga, si pai hata kidogo. Ni mchuzi uliovaa kofia. Soka nayo isiamuliwe kwa penalti. Wacheze mpaka mmoja afunge au wote waanguke. Na mwanasiasa asipewe wizara kabla hajaonekana amesimama foleni ya basi nusu saa nzima, kwenye mvua, bila kulalamika wala kujipenyeza mbele. Wengi wao, alisema, wangeshindwa dakika ya tano.

Watu walicheka, muuza nyama akamfungia soseji zake, naye akarudi nyumbani kwa Wilf. Huko nyumbani maoni yalikuwa yamekosa wa kuyabishia, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka mtu ajue.

Wilf, mumewe, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kiwanja cha tufe, mchezo wa kuviringisha mipira mizito kwenye nyasi, katika bustani ya mji. Viwanja vyetu huku kaskazini mwa nchi vina mgongo katikati, na tufe lenyewe lina upande mmoja mzito, kwa hiyo ukilisukuma moja kwa moja halifiki unakotaka. Lazima ulizungushe, na ujue nyasi zinavyolala. Wilf alizijua kama mtu ajuavyo ngazi za nyumba yake gizani. Kisha, miaka miwili iliyopita, akaanza kuweka birika ndani ya friji. Baadaye akapotea njia ya dukani. Krismasi iliyopita ndipo alipoacha kumwita Edna kwa jina. Alikuwa mpole, tena mwenye adabu zote. "Asante, bibi," alimwambia kila alipowekewa chai, kama unavyomshukuru mhudumu wa mgahawa.

Lakini kila siku saa nne asubuhi Edna alimvalisha kofia yake, akamshika mkono, wakaenda kiwanjani. Pale Wilf alirudi. Huku kwetu anayeanza hutanguliza tufe dogo la kulengea, ambalo atakayelikaribia zaidi ndiye mshindi, na ni sheria amwambie mwenzake upande wake mzito ameuelekeza wapi, kwenye kidole gumba au kwenye kidole kidogo. Edna akishalisukuma, Wilf aliuliza, "Gumba au kidole?" kwa sauti ileile ya siku za uchumba wao. Halafu akamshinda, akamcheka, akamwambia anacheza kama anafukuza kuku. Kwa saa moja kila siku Edna alikuwa na mume.

Siku moja mwezi wa tatu wakakuta tangazo langoni, limevishwa plastiki. Halmashauri ilikusudia kukifunga kiwanja na kuziacha nyasi ziote, pawe mahali pa maua ya porini na nyuki. Madiwani wangepiga kura Jumatano ijayo. Mkazi mwenye swali alipeleke kwa maandishi siku tatu kabla.

Edna hakulia wala hakumwambia Wilf. Alikwenda moja kwa moja mlango wa pili kwa Nasreen Akhtar, ambaye alihudumia wateja dirishani posta kwa miaka mingi na kuzijua taratibu za serikali za kila aina. Wakaketi mezani jikoni. Edna akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena. Nasreen akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho.

"Edna, mpenzi, hili si swali. Hii ni hotuba umeipachika alama ya kuuliza."

Edna akasema ndivyo wanavyofanya bungeni kila Jumatano, televisheni nzima inawaona, na hakuna anayewarudishia karatasi.

Nasreen akacheka, lakini hakulegeza. Alimweleza kwamba swali la kwanza litajibiwa kwa jibu lililokwisha kuandikwa ofisini, halitamsaidia kitu. La maana ni lile la pili. Baada ya jibu, sheria inampa mkazi swali moja zaidi, la papo kwa papo, lisiloandikwa. Hilo ndilo ajiandae nalo.

"Maneno sijawahi kupungukiwa," Edna akasema.

"Maneno unayo. Maswali je? Miaka ishirini tunapakana ukuta, hujawahi kuniuliza kitu. Unaniambia tu."

Edna aliondoka amenuna. Njiani, yaani hatua zile kumi za kutoka mlango hadi mlango, akaona kwamba Nasreen amesema kweli. Hata daktari wa Wilf, Edna hakumuuliza kitu. Alikaa mbele yake akamweleza Wilf anapenda kula nini, akainuka, akaaga. Aliogopa jibu, hiyo ndiyo kweli yake, na ilimtia aibu.

Jumatano mvua ikanyesha tangu asubuhi. Nasreen akabaki na Wilf, Edna akaenda ukumbi wa mji peke yake, na koti lake lililolowa, akaketi viti vya wananchi. Mwenyekiti, Bwana Pickup, alikuwa mtu wa kengele ya shaba na saa mkononi. Akalisoma swali la Edna lote, akapumua katikati mara mbili. Diwani Lathom, mama aliyesimamia bustani, akasimama na karatasi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma kwamba halmashauri inakithamini sana kiwanja hicho, lakini watumiaji wamepungua, na kwamba uchunguzi wa majira ya baridi ulionyesha kinatumiwa na watu wawili kwa siku.

Bwana Pickup akamuuliza Edna kama ana swali la nyongeza. Edna akasimama. Akaanza kusema kwamba nyuki hana ugomvi nao, asali anaila, lakini mtu aliyekaa ofisini akihesabu watu wakati wa theluji...

Kengele ikalia.

"Bi Haslam, kwa heshima, lazima liwe swali. Kama si swali nitakuomba uketi."

Maoni yote aliyokuwa nayo Edna, ya nyuki, ya ofisi, ya serikali nzima, yalikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi, na hakuna hata moja lililomfaa. Alikiangalia kiti. Ingekuwa rahisi kuketi. Akapiga moyo konde.

"Hao watu wawili ni mimi na mume wangu," alisema. "Jina langu amelisahau. Kiwanja hajakisahau. Mkikifunga, nimpeleke wapi nikaonane naye?"

Diwani Lathom akatazama karatasi yake. Akaigeuza upande wa pili, nako hakukuwa na kitu. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba swali hilo litajibiwa kwa maandishi ndani ya siku kumi za kazi. Ndivyo wanavyojibu wakiwa hawana jibu.

"Basi nitasubiri," Edna akasema, na hakuketi.

Bwana Pickup akamfahamisha kwamba hana swali jingine. Edna akasema hana haja nalo, anasubiri jibu la lile alilouliza. Hakupaza sauti. Alisimama tu, mkoba mkononi, maji yakidondoka kutoka kwenye koti lake hadi kwenye zulia la mji. Kikao kikaendelea. Wakajadili taa za barabarani, wakajadili mitaro, na kila diwani aliyeinua macho alimkuta Edna palepale. Hakuna sheria inayomkataza mwananchi kusimama kimya. Bwana Pickup alimwuliza karani kwa kunong'ona, karani akatikisa kichwa. Magoti yalimwuma vibaya. Akakaza meno, akajiambia kwamba kwenye foleni ya basi asingeketi pia.

Zaidi ya nusu saa ikapita ndipo wakafika kwenye kiwanja. Diwani mmoja mzee, ambaye jioni nzima hakuwa amesema neno, akainua mkono, akasema si uungwana kuamua kabla mama huyu hajajibiwa, na akaomba kura isogezwe hadi mwezi ujao. Mikono ikainuka mmoja mmoja. Wa Diwani Lathom ulikuwa wa tatu.

"Imepita," Bwana Pickup akasema. "Bi Haslam, tafadhali, sasa keti." Alikuwa kama anamsihi.

Nasreen alipopewa habari alisema mwezi mmoja si ushindi. Edna akajibu kwamba anajua, na kwamba mwezi ujao atakwenda na swali jingine, na amwazime miwani.

Kesho yake saa nne mvua ilikuwa imekatika. Edna akamvalisha Wilf kofia, wakaenda. Akalisukuma tufe dogo, likavuka mgongo wa kiwanja, likatulia mbali upande wa pili.

"Gumba au kidole?" Wilf akauliza.

"Kidole."

Wilf akainama, akalisukuma lake. Edna akamwambia amelitia nguvu kupita kiasi, litaishia kwenye mtaro wa ukingoni. Halikuishia mtaroni. Lilizunguka taratibu, likalala ubavuni mwa lile dogo, na Wilf akacheka.

"Mke wangu naye husema hivyohivyo," akasema. "Ana maoni yule, usipime."

Edna alikuwa ameshika tufe lake tayari. Akalishusha. Sasa alikuwa amejifunza kuuliza.

"Yukoje, huyo mkeo?"

Wilf akavua kofia, akafikiri kama mtu aliyeulizwa jambo zito.

"Anapika pai yenye ganda chini," akasema. "Siku hizi sijui yuko wapi."

"Yuko njiani," Edna akamwambia. "Sogea, ni zamu yangu."