Kumpeleka Bibi Nieves kwenye Shamba la Rangi

Kilichonitoa Louisville, hapa Marekani, mwaka jana ni ombi la mwanamke mmoja mzee. Bibi Nieves alikuwa mgonjwa wangu. Miaka mitatu nilikwenda nyumbani kwake Highview kila asubuhi. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikamlisha mtindi wa rangi ya waridi, maana mikono yake ilitetemeka hata asiweze kushika kikombe. Alizaliwa Lanzarote, kisiwa cha Hispania kilicho baharini upande wa Moroko, akaolewa na Mmarekani akiwa bado msichana. Siku moja, nikiwa namfunga vifungo vya sweta, akanishika mkono.

"Furaha, nataka kuliona shamba letu kabla sijafa. Nipeleke."

Nyumbani, mume wangu, ambaye huniita kwa jina la binti yetu, aliweka kijiko chini.

"Donc, Mama Esther, utamupeleka uyu mama mpaka kwabo, wewe moja? Na akikufa mu njia?"

Tangu tulipokimbia kutoka kwetu Uvira, Kongo, sikuwa nimesafiri popote kwa hiari yangu. Labda ndiyo maana nilikubali.

Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa saba, nilimpakia Bibi Nieves kwenye gari langu, kiti chake cha magurudumu nyuma, tukaelekea Columbus. Huko anaishi Teresa, binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunzia pasipoti. Tulifika mchana. Teresa alitupa chai, kisha akaanza kuongea nami huku mama yake ameketi katikati yetu kama begi.

"Mama anasahau sahau. Hawezi kitu. Wiki mbili tu, halafu unamrudisha hapa. Niahidi."

"Nitamrudisha," nikasema.

Bibi Nieves alikuwa akitazama dirishani.

Kesho yake tuliingia Buffalo, kwa mwanawe Daniel, anayefundisha chuo kikuu kule Amherst. Yeye ndiye aliyetukatia tiketi, na gari langu nikaliacha kwake. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu mpaka watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakatupita.

Tulibadilisha ndege New York na Madrid. Tulipokaribia kisiwa nilichungulia chini. Nchi yote ilikuwa nyeusi kama iliyoungua. Mawe ya namna hiyo niliwahi kuyaona Goma tu, baada ya mlima kutema moto, na hapo Goma nilikuwa nakimbia. Bibi Nieves yeye alikuwa anatabasamu.

Mdogo wake, Mzee Marcial, alitupokea. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi upya, na kitanda chenye vyuma vya kushikilia pembeni. Nikajisemea, watu hawa wanajua kupokea wageni.

Asubuhi ya kwanza tulishuka shambani. Shamba lenyewe lilikuwa la mipungate, ile mimea ya miiba yenye majani manene, mapana kama viganja, imepandwa kwa mistari kwenye changarawe nyeusi. Majani hayo yalikuwa yamejaa madoa meupe, kama mtu amenyunyiza unga.

"Mimea inaumwa," nikasema.

Bibi Nieves alimtafsiria ndugu yake, wakacheka wote wawili. Mzee Marcial akachomoa punje moja nyeupe, akaiweka kiganjani mwangu, akaiminya kwa kidole gumba. Damu ikatapakaa. Nilipiga kelele, nikamshika mkono nikitafuta alipochomwa na mwiba. Hakuwa na jeraha. Ile punje ilikuwa kidudu, na wekundu ule ulikuwa wa kidudu chenyewe.

"Hii ndiyo rangi yetu," akasema Bibi Nieves. "Wazee wetu wamefuga vidudu hivi tangu zamani. Wanavikwangua, wanavianika juani mpaka viwe vikavu kama mchele wa kijivu, halafu wanavisaga. Kuna nguo zinatiwa rangi hii, na vyakula. Rangi ya midomo pia."

Mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe.

"Na ule mtindi wangu wa asubuhi," akaongeza. "Sijui wenzangu wanaulaje. Mimi nasoma kwenye kopo, naula nikikumbuka kwetu."

Miaka mitatu nimemlisha, na mabaki nimeyala mimi!

Lakini mshtuko mkubwa ulikuja baada ya hapo. Mzee Marcial alimpa dada yake kijiko cha bati kilichofungwa kwenye fimbo. Bibi Nieves akaniambia nimsimamishe. Nikamsimamisha, nikamshika kiunoni. Akaegemea ukuta wa mawe, akaanza kukwangua. Mkono haukutetemeka. Ulipita katikati ya miiba, ukakwangua vidudu vikubwa na kuviacha vidogo vikue, ukavimwaga ndooni, ukarudi. Mwanamke huyu nilikuwa namkatia mkate.

Siku zilizofuata alinifundisha mimi. Nilijifunza kulaza vidudu vyenye mayai juu ya vipande vya kitambaa mpaka watoto watambae humo, kisha kuvibana vitambaa kwenye mipungate michanga kwa miiba yake yenyewe, ili watoto wahamie humo. Nilichomwa vidole vyote. Yeye alikaa kwenye kiti akinikaripia, na kila alasiri alisimama kidogo akakwangua.

Siku ya kumi na tatu nilianza kufunga mizigo. Nilipofungua kabati lake, akasema:

"Nguo zangu ziache."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Sirudi, Furaha. Marcial na mimi tumeandikiana tangu mwaka juzi. Kitanda hiki ni changu. Kuna jirani atakayenihudumia."

Nikakaa sakafuni.

"Umenifanya nimdanganye Teresa!"

"Hukumdanganya. Hukujua."

"Basi sitabeba neno hili. Mpigie wewe, sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Akaomba simu. Waliongea kwa Kiingereza. Kilio cha Teresa nilikisikia nikiwa mlangoni. Bibi Nieves naye alilia, lakini hakubadilisha neno.

Asubuhi ya safari alinibusu kipaji cha uso. Vidole vyake viliniachia alama nyekundu shavuni, nikazisafisha kwenye choo cha uwanja wa ndege huku nikilia.

Nilipotua Buffalo, Daniel alinipokea. Alichukua begi langu, wala hakuangalia nyuma yangu kumtafuta mtu mwingine. Nikasimama palepale.

"Ulijua?"

"Nilijua," akasema taratibu. "Nisamehe. Ningekuambia, usingekubali."

Alisema kweli, na hilo liliniuma zaidi.

Columbus nilifika mwenyewe kwa gari langu. Teresa alifungua mlango bila salamu.

"Uliniahidi."

"Niliahidi. Ila sikuweza kumbeba mtu asiyetaka."

Nikampa simu yangu. Nilikuwa nimempiga picha ya video mama yake akiwa shambani. Aliitazama mara ya kwanza akiwa wima mlangoni, mara ya pili akiwa amekaa ngazini.

"Amesimama," akasema. "Mbona kwetu hakusimama?"

"Kwetu hatukumpa cha kufanya. Mimi ndiye wa kwanza kulaumiwa."

Akainuka, akaniruhusu niingie ndani. Mwezi wa kumi nilisikia amekwenda kisiwani kumwona mama yake.

Louisville nilipata mgonjwa mwingine, mzee aliyekuwa hasemi na mtu. Kabla ya kumfunga kipimo cha presha nilimwuliza mikono yake ilikuwa ikifanya kazi gani alipokuwa na nguvu. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akaniomba nimsogeze karibu na meza, na nimletee viatu vyovyote vilivyochanika.