Sikukuu Niliyoisikia Dirishani

Nikipasha mafuta ya alizeti, harufu yake hunirudisha kwenye chumba cha bibi kule Sigino. Ilikuwa sikukuu ya somo wa kigango chetu cha kanisa, mtakatifu aliyehudumia wagonjwa. Nilishavaa gauni jeupe la maandamano, mama akaniambia, "Leo utabaki na bibi, hawezi kujigeuza." Alinijua mimi, ningetoroka, akafunga mlango kwa nje.

Wenzangu wakapita na ngoma. Nikalia, nimeshika nondo za dirisha.

"Unalilia nini?" bibi akaniuliza kutoka kitandani.

"Wanaenda kwa mtakatifu bila mimi."

"Huyo mtakatifu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Anaosha wagonjwa."

"Na mimi mgongo unaniwaka tangu asubuhi. Vua hilo gauni usije ukalichafua."

Nikavua. Nikapasha mafuta kwenye jiko la mle chumbani, nikampaka mgongoni huku ngoma ikiishia mbali.

"Kandamiza, mjukuu wangu. Mimi siyo sanamu," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Leo ni sikukuu ileile. Mafuta yameshapata moto. Binti yangu amesimama na gauni lake jeupe, ananiangalia. Nimemfungulia mlango, nikamwambia awahi wenzake.

Mama ananiita chumbani. Anataka kugeuzwa.