Mdundo wa Gorogoro

Maharagwe yakimiminwa kwenye bati, masikio yangu husimama. Hata niwe nimechelewa vipi, nitangoja nisikie yanavyotua. Mlio ukiwa mzito, nanunua. Ukiwa mwembamba, naenda zangu, na muuzaji akitaka kununa, na anune.

Tabia hii niliitoa sokoni Mbotela, Nairobi, kwenye kibanda cha mama cha nafaka, kilichonuka vumbi la mahindi na magunia makuukuu. Mama alipimia kwa gorogoro, ule mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, kama wachuuzi wote wa mstari wetu. Tofauti ilikuwa kitakoni. Wenzake walikuwa wamegonga vitako vya mikebe yao kwa nyundo vikabonyea ndani. Ukiutazama kwa juu, mkebe umejaa pomoni. Ukifika nyumbani, sufuria inakuambia ukweli.

Siku moja mwenyekiti wa wachuuzi, Baba Shiro, alitujia na nyundo mkononi na tabasamu ambalo sikulipenda hata kidogo.

"Mama Wangari, wateja wetu wote wanakimbilia kwako. Bonyeza kidogo tu, tuwe sawa. Si unajua haba na haba hujaza kibaba?"

"Chako kimebonyea mpaka haba moja inakitosha," mama akajibu, akiendelea kupepeta ndengu.

"Basi Jumamosi hii nafasi yako tutampatia mtu anayesikizana na wenzake."

Aliiacha nyundo juu ya gunia letu akaenda. Niliogopa sana. Kibanda kile ndicho kilichotulisha, na baba hatukuwa naye. Nilingoja kuona mama atafanya nini na ile nyundo. Aliichukua, akapigilia msumari wa kutundikia ungo wake, akairudisha palepale.

Kisha akaipindua gorogoro akaniwekea mapajani. Nilikuwa msichana wa kupiga chochote: ndoo, dawati, mlango wa choo. Shuleni mwalimu alikuwa ameniambia ngoma ni za wavulana, mimi nikacheze mbele na wasichana wenzangu. Hilo lilinichoma, na linanichoma bado.

"Piga," mama akasema. "Piga mpaka Jogoo Road wasikie."

Nikapiga. Kitako kilikuwa bapa, na sauti ikatoka nene, ikajaa mstari mzima. Watu wakasimama. Vijana wawili wakaanza kucheza na mizigo yao begani. Mama Halima, mteja wetu wa siku nyingi, alisikiliza kwanza, akaenda hadi kwa Baba Shiro, akapindua gorogoro yake na kuigonga kwa kidole. Ta!

"Haki, hii yako mbona inakohoa?"

Watu wakaangua kicheko. "Pindua zote, maze, tusikie!" kijana mmoja akapaza sauti. Kufikia jioni hakuna aliyenunua hata ndengu bila kugonga mkebe kwanza.

Jumamosi Baba Shiro alikuja kututoa. "We mtoto, wacha kelele!" Nilimtazama machoni nikazidisha. Nyuma yangu mama alikuwa akipima, na nyuma ya Baba Shiro wateja walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, wote wakimtazama yeye. Alichukua nyundo yake akaondoka. Kibanda kikabaki chetu.

Leo napiga ngoma katika bendi moja ya Dandora, na gorogoro ile imesimama katikati ya ngoma zangu. Fundi wa sauti aliwahi kuniambia nitoe kipimo cha mahindi jukwaani. Nikamwambia atoke yeye.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mama ndiye wa kwanza kuupenda muziki wangu. Halafu siku moja nilikuwa nikikaza ngoma, naigonga kwa kidole nikiwa nimeinamisha sikio, nikamkumbuka Mama Halima. Ndipo nikaelewa kwamba siku ile mama alitaka watu wasikie kitako, wala si wimbo. Iliniuma. Nikapanda matatu kwenda kwake nikamuuliza bila kuzunguka: ulipenda nilivyopiga, au nilikuwa kipimo chako tu?

Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wee Wangari! Ungekuwa unapiga vibaya, nani angesimama kusikiliza mkebe?"