Uji wa Asiye na Mtu

Kama hujui kusubiri, usije kukaa mtaa wetu. Upande huu ni lango la hospitali, upande ule ni parikingi ya magari ya Karuzi na Muyinga, na katikati tuko sisi wauza vyakula wa Gitega. Huku watu wanasubiri dawa, kule wanasubiri gari lijae. Mimi Kadidja wa Nyamugari nimekaanga chapati hapo tangu vita viishe, na nadhani nimesema "subiri" mara nyingi kuliko bismillahi, Mungu anisamehe.

Jirani yangu Emiliana, muuza uji, neno hilo hakulitamka kabisa. Mteja akifika sufuria haijachemka, alimwambia, "Uji haujaiva, nenda zako." Mkavu hivyo hivyo. Na wateja walikwenda kweli. Nilikuwa namkaripia.

"We Emiliana, biashara gani hii? Mwambie asubiri kidogo, basi!"

Anaendelea kukoroga uji wake.

Alikuwa na tabia nyingine. Kijana wa kiume akiinama kunywa, Emiliana alimchungulia sikio la kushoto. Kila kijana, kila siku. "Dada," nikamwambia, "wenzako wanatafuta bwana kwa mfuko, we unatafuta kwa masikio?" Parikingi nzima ilicheka. Yeye naye alicheka, kisha akachungulia la mteja aliyefuata.

Jioni alijaza uji kwenye chupa ya chai, akaingia hospitalini, wodi ya watoto. Kwetu mgonjwa hula anacholetewa na watu wake. Asiye na mtu hugeukia ukutani wakati jirani yake anakula. Emiliana alisimama mlangoni akamuuliza muuguzi, "Leo nani hana mtu?" Nilidhani ni mambo ya kanisa.

Siku moja mvua ilitubana chini ya turubai moja, nikamuuliza kwa nini. Nina mdomo, najijua.

Akanieleza. Baba yake, mzee Bonifasi, ni mtu wa Butihinda, kule Muyinga, lakini alihamia hapa na familia kwa kazi ya uashi. Mwaka wa tisini na tatu mdogo wake Elikana, mtoto aliyechanwa sikio la kushoto na mbuzi, alilazwa hapa kwa homa. Mama alikuwa nyumbani na uzazi. Baba na Emiliana walikuwa naye, unga ukaisha. Baba akamwambia mtoto, "Subiri hapa. Tunaleta uji." Walipofika nyumbani mauaji yalikuwa yameanza na njia ya mjini ilikuwa imefungwa. Wakakimbia kwa miguu hadi Butihinda, wakavuka kuingia Tanzania. Emiliana alikulia kambini, na mama yao akafia huko huko.

"Tuliporudi, baba alibaki Butihinda kulima. Mimi nikapanda gari kuja hapa," alisema. "Niliuliza hospitalini. Hakuna anayemkumbuka. Dada Kadidja, yule alikuwa mtoto msikivu. Ukimwambia asubiri, anasubiri. Akija kutuuliza, atamkuta nani?"

Nywele zilinisimama. Ndipo nikaelewa kwa nini alipanga chumba kilichoegemea ukuta wa hospitali, na kwa nini mlango wake hakuwahi kuutia komeo. Tangu siku ile hata mimi nikaanza kuchungulia masikio. Ukipita wodi ile ukamwona mtoto ametazama mlango, unaongeza mwendo.

Kilichomkalia Emiliana kooni kilikuwa matanga. Warundi wanasema kuganduka: siku ya kuondoa kilio, ukoo unakaa pamoja, wanamtaja marehemu, wanakunywa pombe ya mtama, na walio hai wanarudi kuishi. Bila hiyo kilio hakifungwi. Mzee Bonifasi alikataa. "Nitamliaje mtu niliyemwambia asubiri?" Kwa hiyo Elikana hakuwa hai wala mfu, na dada yake hakuwa na ruhusa ya kuondoka langoni.

Mwaka mmoja kifua kilimbana mzee. Akapita hospitali ya Muyinga bila kugeuza kichwa, akasema atatibiwa Gitega tu. Nilimwona akishuka kwenye gari, mrefu, mkavu, koti limemvaa badala ya yeye kulivaa. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ile. Alilazwa, akadungwa sindano, na alipopata nguvu ya kusimama akamwambia binti yake, "Nipeleke mahali pale."

Tulimshika mimi huku, Emiliana kule. Ilikuwa mchana, wazazi wanalisha watoto. Mzee akasimama mlangoni mwa wodi, akavua kofia, akaita kwa Kirundi.

"Elikana! Nimerudi. Amka twende nyumbani."

Vijiko vikasimama. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, sauti ikamkatika katikati ya jina. Nilitamani ardhi inimeze.

Kutoka kitanda cha dirishani, sauti ndogo ikaitika, "Karame!"

Hivyo ndivyo mtoto wa Kirundi anavyomwitikia mkubwa: uishi sana. Alikuwa Letisia, msichana wa Nyarusange aliyevunjika mguu. Bibi yake alimleta, akarudi kuwalea wadogo zake. Wiki hiyo yeye ndiye alikuwa hana mtu. Baadaye nilimuuliza kwa nini aliitika jina si lake. "Mzee iko naita, na hakuna anayeitika," aliniambia. "Ni vibaya."

Mzee alimtazama. Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Si yeye, najua," alimwambia binti yake. "Twende tukamlie."

Siku ya kuganduka ikapangwa, kule Butihinda. Emiliana alifunga mzigo wake, akaja kumuaga Letisia, nami nikiwa nyuma yake. Mtoto akamuuliza, "Mama, nikusubiri?"

Nilimwona Emiliana akishika chuma cha kitanda. Nikasema haraka, "Mimi nitakuletea uji, mtoto yangu." Lakini Letisia hakuwa ananiuliza mimi.

"Nisubiri," Emiliana akasema. Kisha akatoka karibu akikimbia.

Uji niliupeleka mimi. Letisia alikunywa akitazama mlango, nami nikautazama ukuta. Siku aliyosema atarudi, nilikaa na chapati zangu nikihesabu magari ya Muyinga. Lile la asubuhi lilikuja, hayumo. La mchana, hayumo. Abubakari wa tiketi akasema moja limekufa njiani huko Karuzi, na mimi, mtu mzima, nikaanza kulia mbele ya wateja. Sikumlilia Emiliana. Nilimlilia mtoto ambaye sikuwahi kumwona, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua alivyokaa akisubiri.

Jua lilikuwa linazama lori la viazi liliposimama, Emiliana akaruka kutoka juu ya magunia. Kichwa alikuwa amenyoa, kama wafanyavyo wanaotoka kwenye kilio. Hakunisalimu. Alichukua chupa ya uji mkononi mwangu, tukaenda mbio hadi mlangoni mwa wodi, na pale akasimama kama aliyegonga ukuta. Ndani kulikuwa na giza na kimya, na kitanda cha dirishani hakikuonekana vizuri.

"Dada, ita wewe," alininong'oneza. "Mimi siwezi. Asipoitika je?"

"Mi siiti mtu yako," nikamwambia. "Ita mwenyewe."

Aliikumbatia chupa. Kisha akaita, "Letisia!"

Nilisikia kitanda kikilia, na mtu akijigeuza kwa shida na mguu wake wa plasta.

"Karame!"

Emiliana akakaa chini pale pale mlangoni, chupa mapajani, akalia kwa sauti, na wauguzi hawakumfukuza.

Siku hizi anasema "subiri" kama sisi sote, na uji wake unaisha kabla ya chapati zangu. Masikio bado anayachungulia.