Siku Tulipokwenda Kibra Kumwomba Binti

Waliokuwa sebuleni siku ile, katika nyumba ya Wanubi kule Kibra, enzi za mkoloni, ni hawa: mkuu wa chuo cha binafsi cha misheni, aliyekuwa Mzungu, pamoja na mkewe; baba wa msichana, aliyekuwa askari mstaafu; nyanya wa msichana, mama yake huyo baba; na mimi, kijana wa Kawangware, mkalimani wa chuo, nimefunga tai ya kuazima. Msichana mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia.

Chuo kilitaka akasomee uuguzi. Baba alikuwa ameapa kwamba bintiye hatatoka nyumbani ila kwa ndoa. Mkuu akasema maneno yake, nami nikayafasiri kwa madaha: "Tumekuja kumwomba binti yenu."

Nyanya akanitazama toka viatuni hadi utosini.

"Ndiye huyu?"

"Nadhani ndiye, mama," baba akajibu.

"Mbona shingo imezama kwenye kola kama kobe? Wewe, unakula nini, chaki?"

Nyuma ya pazia mtu aliangua kicheko.

"Hapana, nyanya," nikasema, jasho likinitoka. "Anayemtaka ni chuo. Si mimi."

Nyanya akamgeukia mwanawe. "Basi wape chuo upesi, kabla huyu hajabadili nia!"

Baba akacheka hadi akavua kofia ajipangusie machozi, kisha akakubali.

Kwa miaka mingi nimejisifu kwamba ufasaha wangu ndio uliompeleka binti yule chuoni. Ilikuwa shingo.

Alihitimu, akazalisha akina mama wa Kibra na Kawangware mpaka alipostaafu. Alifariki Jumanne iliyopita.