Makofi ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili wa rufaa, mjini Saint Paul huku ughaibuni, nilivaa tai ya mazishi kwa sababu sikuwa na nyingine. Miaka ya elfu mbili na kumi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kabla ya hapo nilikuwa nikisafisha ofisi kule Plymouth. Vitabu vya sheria vilivyotupwa huko nilivipeleka nyumbani Burnsville, nikavisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Cheti cha karani wa sheria nilikipata nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Mkuu wetu, mwanamke mrefu tuliyemwita Wakili Mkuu, hakunikaribisha kwa maneno mengi.

"Sospeter, rufaa si kesi ya pili," alisema. "Hakuna shahidi mpya wala machozi mapya. Majaji watatu watasoma yaliyoandikwa mahakama ya chini. Kilichomo kwenye kumbukumbu kipo. Kisichomo hakijawahi kutokea."

Kumbukumbu za shauri ni kila neno lililosemwa mahakamani, likapigwa chapa, pamoja na ripoti na vielelezo. Kazi yangu ilikuwa kusoma vyote na kumpa Wakili Mkuu ukurasa na mstari wa kila jambo.

Rufaa zetu nyingi zilihusu ukali wa adhabu za dawa za kulevya. Hapo hubishi kwamba mtu hakutenda. Unasema alitenda, lakini adhabu imezidi, au jaji ameifikia kwa sababu isiyofaa. Jimbo lina jedwali: uzito wa kosa upande mmoja, rekodi ya mkosaji upande mwingine, na vinapokutana pana idadi ya miezi. Jaji anaweza kushuka chini ya jedwali akiwa na sababu nzito. Akikataa kushuka, mahakama ya rufaa ni nadra kumgusa. Tulishindwa mara nyingi kuliko tulivyoshinda.

Baba Neema alikuwa Mkongo wa upande wa Moba, akiishi Columbia Heights na mama yake mzazi, mkewe na watoto wanne. Alikuwa ameshapata uraia, na hakuwa na kosa la nyuma. Alikubali kumbebea mtu kokeini kwenye gari lake, akakamatwa, akakiri. Wakili wake wa kwanza aliomba adhabu pungufu. Jaji alikataa, akampa miezi themanini na sita. Mkewe alifika kwetu siku ya sitini baada ya hukumu, na mlango wa rufaa hufungwa siku ya tisini.

"Papa, siombi aachiliwe," Mama Neema aliniambia. "Makosa alifanya, na nilimugombeza mbele ya polisi wenyewe. Lakini mama yake ana miaka makumi nane, na ni mutoto wake mumoja. Miezi yote ile, atazikwa na nani?"

Nilianza kwa kosa. Jumapili nilikwenda kanisani kwao nikawaomba waumini waandike barua za kumtetea. Nilipata thelathini na moja, nikampelekea Wakili Mkuu kwa fahari.

"Nzuri sana," alisema, akizirudisha kwenye mfuko. "Jaji alizisoma lini?"

"Bado hajazisoma."

"Basi hazipo. Mpe mke wake. Wewe soma kumbukumbu."

Nikasoma. Ukurasa wa arobaini na moja, siku ya hukumu, jaji anamwuliza Baba Neema kama ana la kusema. Hakuna jibu lililoandikwa. Linalofuata ni neno la jaji: "Acha kupiga makofi. Hapa si ukumbi wa burudani. Mtu anayepigia makofi kosa lake hajajuta. Ombi la kupunguza adhabu limekataliwa."

Niliinuka kitini. Mimi ni mtu wa Ufipa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ukitokea Moba, na bibi yangu alipiga makofi yale. Mwili unainama, viganja vinakunjwa kama kikombe, vinagongana taratibu. Ni ya mtu anayejishusha kabisa. Baba Neema aliomba radhi kwa namna kubwa kuliko zote alizofundishwa. Nilimpigia simu mkalimani wa siku ile ya hukumu, Mkenya wa Nairobi.

"Mzee, mimi natafsiri maneno," alijibu. "Na huyo jamaa hakusema hata moja."

Nikamweleza Wakili Mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini," alisema. "Lakini bibi yako ameandikwa ukurasa wa ngapi?"

Nilirudi mezani. Kwenye faili kulikuwa na ripoti ya afisa wa uangalizi, yaani yule anayemhoji mkosaji kabla ya hukumu na kumshauri jaji. Nilikuwa nimeisoma mara mbili, nikitafuta habari za dawa, ajira na majuto. Sehemu ya kumtembelea nyumbani niliipitia juujuu tu. Mara ya tatu nilisoma kila mstari kwa rula. Pale, kati ya idadi ya vyumba na hali ya jiko, afisa aliandika kwamba mwenye nyumba aliinama akampigia makofi taratibu, na mkewe akaeleza kuwa kwao ndivyo mtu anavyoomba samahani kwa mkubwa.

Wakili Mkuu aliusoma mstari ule amesimama.

"Jaji alikuwa na ripoti hii?"

"Ndiyo. Ukurasa wa tatu wa kumbukumbu, mstari wa tisa. Anasema ameisoma yote."

"Sasa bibi yako yupo," alisema, akaketi kuandika hoja.

Tuliwasilisha siku ya themanini na saba. Majaji watatu hawakupunguza hata mwezi mmoja. Walisema tu kwamba sababu ya kukataa ombi ilipingana na ripoti aliyoisoma jaji mwenyewe, wakalirudisha shauri kwake apange adhabu upya.

Baba Neema alisimama tena mbele ya jaji yuleyule, safari hii na pingu. Alipoulizwa, aliinama akapiga makofi, na mnyororo ukalia kila mara. Jaji alisubiri hadi alipomaliza. Kisha akamgeukia mwandishi wa mahakama.

"Andika kwamba mshtakiwa ameomba radhi."

Akampa miezi sitini.

Kwenye ngazi Mama Neema alinishika mkono. "Hapa mutu anafungwa sehemu mbili kwa tatu ya miezi yake, si ndiyo, papa?"

"Ndiyo. Miezi arobaini kati ya sitini, akiwa na mwenendo mzuri."

"Bon, ni vizuri. Nitaenda kumuambia mama mukwe asiharakishe kufa."

Macho ndiyo yaliyonistaafisha, kabla ya umri. Makarani walionifuata hutafuta neno moja kwenye kompyuta, na kompyuta huwaletea neno hilo. Siwalaumu, kazi ni nyingi. Ila wangetafuta "majuto" katika ripoti ile wasingekuta kitu. Ushauri wangu ni mmoja: msome na sehemu ya jiko.

Bibi wa Columbia Heights, mama yake Baba Neema, hakuharakisha. Siku mwanawe aliporudi nilikuwepo. Aliinama mlangoni akapiga makofi. Bibi, kitini, alimwacha apige muda mrefu kidogo kuliko desturi, ndipo akakunja viganja vyake akamjibu kwa makofi.